Kukoma kwa Hedhi na Mizani ya Dawa

Kila mwanamke ajaliwaye umri hufikia wakati ambapo hedhi yake hukoma. Jambo hili si ugonjwa wala si aibu. Ni kipindi cha maisha, kama kubalehe kulivyo kipindi cha maisha. Aghalabu huja baina ya umri wa miaka 45 na 55, na matabibu huhesabu kuwa hedhi imekoma kweli baada ya miezi 12 kupita bila ya damu kuonekana. Wako wanawake ambao hupita hapo kwa salama, wasihisi la kuwasumbua. Wako wengine ambao hushikwa na joto la ghafula lipandalo kifuani na usoni, hutokwa na jasho usiku hata shuka zikalowa, hukosa usingizi, na siku ya pili hushindwa na kazi. Tena mifupa huanza kupungua nguvu pole pole bila ya mwenyewe kujua.

Dawa ya mambo hayo iko. Ni homoni zile zile ambazo mwili umepunguza kuzitengeneza, zikarudishwa kwa kidonge, kwa kibandiko cha ngozi, au kwa malhamu. Je, mwanamke aitumie au asiitumie? Msomaji, usidhani swali hili halikuhusu kwa kuwa wewe ungali kijana. Huenda mama yako, shangazi yako au mwalimu wako analiuliza leo kimya kimya, maana katika nyumba nyingi jambo hili husemwa kwa sauti ya chini. Ukiwa msichana, huenda ukaliuliza mwenyewe kesho. Ukiwa mvulana, huenda ukaishi na mtu aliulizaye. Tena historia ya swali hili ina mafunzo makubwa kwa yeyote atakaye kujua jinsi ukweli unavyotafutwa.

Jina la kitaalamu la kukoma hedhi ni la Kifaransa. Lilitungwa na tabibu aliyeitwa Gardanne, ambaye katika mwaka wa 1821 alichapisha kitabu juu ya jambo hilo, akaunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya mwezi na jingine lenye maana ya kukoma. Lakini kulipa jambo jina si kulifahamu. Katika zama zake hakuna aliyejua ni kitu gani kinachopungua mwilini.

Mlango wa maarifa hayo ulifunguliwa kwa namna ya ajabu. Mwaka 1889, huko Paris, mtaalamu mzee aliyeitwa Brown-Séquard alisimama mbele ya wenzake akawaeleza kuwa amejidunga sindano za maji yaliyokamuliwa katika korodani za wanyama, na kwamba amejiona amerudiwa na nguvu za ujana. Mtu huyu alizaliwa Port Louis, katika kisiwa cha Mauritius kilicho katika bahari yetu ya Hindi, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 72. Nguvu alizozisifu hazikuthibitika. Yaelekea zilikuwa matumaini yake mwenyewe. Hata hivyo wazo lake kwamba viungo vya mwili humimina katika damu vitu vyenye amri lilikuwa kweli. Mwaka 1905 Ernest Starling wa London alivipa vitu hivyo jina la homoni. Homoni hutengenezwa mahali pamoja mwilini, ikachukuliwa na damu, ikaenda kuamrisha kazi mahali pengine.

Mwaka 1929 wataalamu wawili, Edward Doisy wa Marekani na Adolf Butenandt wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walifaulu kuipata homoni ya kike ya jamii ya estrojeni ikiwa safi. Sasa ilijulikana kuwa ovari, yaani vile viungo viwili vinavyotunza mayai ya uzazi, ndivyo vinavyotoa estrojeni, na kwamba hedhi ikikoma estrojeni hupungua sana. Ilibaki kupata njia ya kuitengeneza kwa wingi na kwa bei nafuu. Njia ilipatikana mahali ambapo watu wengi wasingetazamia: katika mkojo wa farasi wenye mimba. Mwaka 1942 vidonge vilivyotengenezwa hivyo viliruhusiwa kuuzwa Marekani, na wanawake waliosumbuliwa na joto la ghafula walipata nafuu ya kweli. Jambo hilo halikukanushwa baadaye na uchunguzi wowote, nawe ulikumbuke, kwa kuwa katika mabishano yaliyofuata mara nyingi lilisahauliwa.

Mwaka 1966 tabibu wa Marekani, Robert Wilson, alichapisha kitabu kiitwacho Feminine Forever, na kitabu hicho kikauzwa kwa wingi sana. Wilson alidai kuwa kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu, mfano wa ugonjwa wa kisukari, na kwamba mwanamke asiyerudishiwa estrojeni amehukumiwa kunyauka. Kwa hiyo dawa haikuwa tena ya mwanamke anayeumia peke yake; ilikuwa ya kila mwanamke, mgonjwa na mzima, na kwa muda wote wa maisha yake. Baadaye ilijulikana kuwa taasisi yake ilikuwa ikipokea fedha za watengenezaji wa dawa. Simwambii msomaji kuwa kila apokeaye fedha husema uongo, lakini mtu apewaye ushauri ana haki ya kujua ni nani anayefaidika nao.

Malipo ya haraka hiyo yalikuja katika mwezi wa Desemba 1975. Jarida moja kubwa la utabibu la Marekani lilichapisha chunguzi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilionyesha kuwa wanawake waliotumia estrojeni walipata saratani ya mji wa mimba mara nne na nusu kuliko wasioitumia. Ya pili ilionyesha zaidi ya mara saba. Sababu yake ilikuwa wazi: estrojeni hunenepesha ngozi ya ndani ya mji wa mimba, na ikiendelea peke yake mwaka hata mwaka bila ya kitu cha kuizuia, seli huweza kuharibika. Katika mwili wa kijana kizuizi hicho ni homoni ya pili, projesteroni. Basi matabibu wakajifunza kuitoa estrojeni pamoja na projesteroni, au dawa inayofanana nayo, kwa kila mwanamke ambaye mji wake wa mimba haujaondolewa. Mpaka leo kanuni hiyo inashikwa.

Hofu ilipopoa, tumaini jipya likazaliwa. Wanawake hupata maradhi ya moyo zaidi baada ya kukoma hedhi. Je, yawezekana homoni ikawa kinga ya moyo? Tarehe 24 Oktoba 1985 jarida lile lile lilichapisha majibu mawili siku moja. Uchunguzi wa wauguzi wa Marekani ulisema kuwa watumiaji wa homoni walipata maradhi ya moyo kwa uchache zaidi. Uchunguzi wa mji wa Framingham ulisema kinyume. Watu wengi waliliamini jibu lililopendeza, na kufikia miaka ya 1990 homoni zilikuwa miongoni mwa dawa zilizoandikwa zaidi na madaktari wa Marekani, hata kwa wanawake wasio na dalili yoyote.

Hapa, msomaji, tusimame kidogo tutafakari. Katika chunguzi za namna hiyo mtafiti hutazama tu. Wanawake wenyewe ndio waliochagua kutumia dawa au kuiacha. Sasa mwanamke achaguaye dawa ya kinga ni nani? Aghalabu ni yule mwenye elimu na uwezo, aendaye kwa daktari mara kwa mara, na ajitunzaye kwa chakula na mazoezi. Akiwa na moyo wenye afya, tutajuaje kuwa ni kwa sababu ya dawa, wala si kwa sababu ya maisha yake? Mtu akiona kuwa wavaao viatu vizuri hawaugui mara nyingi, asikimbilie kusema kuwa kiatu ni dawa.

Dawa ya shaka hiyo ni jaribio la kura. Katika miaka ya 1990 taasisi za afya za serikali ya Marekani ziliandikisha wanawake 16,608 wenye umri wa miaka 50 hadi 79 ambao walikuwa bado na mji wa mimba. Wakagawanywa kwa kura tu. Wengine walipewa estrojeni pamoja na projestini, yaani dawa inayoiga kazi ya projesteroni; wengine walipewa vidonge vya sura ile ile visivyo na dawa ndani. Jaribio lilipangwa kuchukua miaka minane na nusu. Mwezi wa Julai 2002, baada ya wastani wa miaka mitano na ushei, likasimamishwa, kwa kuwa madhara yalionekana kupita faida.

Magazeti ya dunia yakatangaza kuwa saratani ya matiti imeongezeka kwa asilimia 26. Habari hiyo ilikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu ya maelezo. Katika wanawake 10,000 wasiotumia dawa, 30 walipata saratani ya matiti kwa mwaka. Katika 10,000 walioitumia, walipata 38. Nyongeza ni wanawake wanane. Vivyo hivyo kulikuwa na nyongeza ya wanane kwa kiharusi, wanane kwa damu iliyoganda ikaziba mapafu, na saba kwa maradhi ya moyo. Upande wa pili wa mizani, walipungua watano kwa kuvunjika nyonga na sita kwa saratani ya utumbo mpana. Hesabu ni ile ile. Asilimia 26 hutisha, wanane katika 10,000 hutuliza. Mwenye busara hutaka kuzisikia zote mbili. Wala wanane si kitu cha kudharau: kwa mamilioni ya watumiaji ni maelfu ya mama za watu, na dawa iliyotolewa kama kinga kwa watu wazima ilipaswa kuwa safi kuliko hivyo.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baada ya mwaka 2002 wanawake wengi waliitupa dawa, na madaktari wengi wakaogopa kuiandika, hata kwa mwanamke wa miaka 50 asiyelala usiku kwa joto na jasho. Jambo moja lilipuuzwa: wastani wa umri wa wanawake wa jaribio lile ulikuwa miaka 63. Wengi wao walikuwa wamekoma hedhi zamani, na jaribio lilikusudiwa kuuliza juu ya kinga ya maradhi, wala si juu ya nafuu ya joto la ghafula. Jibu la swali moja likafanywa jibu la swali jingine.

Miaka iliyofuata ilileta maelezo yaliyo mapana zaidi. Mwaka 2004 lilisimamishwa jaribio la pili la wanawake 10,739 waliokwisha kuondolewa mji wa mimba, nao walipewa estrojeni peke yake. Kiharusi kiliongezeka, lakini saratani ya matiti haikuongezeka. Mwaka 2007 hesabu zilipopangwa upya kwa umri, ilionekana kuwa hatari ya moyo ilikuwa zaidi kwa walioanza dawa wakiwa wamechelewa sana. Na mwaka 2017, baada ya kufuatwa kwa miaka 18, vifo vya waliotumia dawa na vya wasioitumia havikuwa na tofauti ya maana. Novemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuwa maonyo mengi makali yaliyowekwa juu ya dawa hizi tangu mwaka 2003 yataondolewa, ingawa onyo juu ya saratani ya mji wa mimba kwa estrojeni itumikayo peke yake litabaki.

Basi leo matabibu wanashauri nini? Mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, anayesumbuliwa kweli na joto la ghafula, na asiye na kizuizi, aghalabu hupata faida kuliko hatari. Vizuizi ni kama kuwa amepata saratani ya matiti, kiharusi, maradhi ya moyo, au damu kuganda katika mishipa, au kutokwa na damu isiyojulikana sababu yake. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40 kwa kawaida hushauriwa atumie homoni mpaka afikie umri wa kawaida wa kukoma. Asiye na dalili yoyote haambiwi aitumie kwa ajili ya kulinda moyo. Na kila mtumiaji yampasa arudi kwa daktari mara kwa mara kupima upya, maana mizani ya miaka 52 siyo mizani ya miaka 65.

Ukiitazama historia hii kwa jumla utaona kuwa kosa lililorudiwa ni moja, ingawa lilivaa nguo mbili. Mwaka 1966 iliambiwa kila mwanamke atumie. Baada ya 2002 ikadhaniwa kila mwanamke aache. Mara zote mbili alisahauliwa mwanamke mwenyewe: umri wake, maradhi ya ukoo wake, usiku wake usio na usingizi, na kile anachokiogopa zaidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari ana elimu ya hesabu, nayo ni lazima. Lakini uzito wa taabu haujui mtu isipokuwa aibebaye. Uamuzi mwema huzaliwa pale elimu hiyo na ujuzi huo vinapokaa pamoja, kila kimoja kikakisikiliza kingine.

Basi, msomaji, siku utakapoulizwa juu ya jambo hili nyumbani kwenu, usiwe na haraka ya kusema dawa ni njema au ni mbaya. Uliza kwanza: ni kwa nani, ni katika umri gani, ni kwa taabu ipi, na ni wangapi katika elfu kumi. Kisha msindikize mama yako kwa daktari, akayaulize hayo mwenyewe kwa sauti isiyo ya chini.