Uchovu Kati ya Wachovu

Hapa Nakivale kila mtu amechoka. Ukimwambia jirani umechoka, anacheka: eti nani hajachoka? Ndiyo maana mama mdogo alipoanza kusinzia mchana, mgongo ukutani, ndoo tupu pembeni, sikushtuka. Nilimwambia, "Mama mdogo, amka, foleni ya maji inakupita." Siku nyingine nilimwambia maneno mabaya zaidi, hayo siyaandiki. Tulisema ni mawazo ya Masisi, ya watu tuliowaacha kule. Kumbe ilikuwa saratani ya titi, na kidonda alikuwa akikificha na kitenge.

Alipoanza dawa Kampala uvimbe ulipungua, lakini uchovu ukazidi. Alilala mchana kutwa, akaamka kama mtu aliyetoka kulima. Usiku macho makavu. Nikaanza kusoma kwenye simu ili nielewe, na historia niliyoikuta inaanza na mkimbizi.

David Tasma alikuwa Myahudi wa Poland aliyekuwa akihudumu mezani katika mkahawa mmoja London. Mwaka 1948, akiwa na miaka 40, alikuwa akifa kwa saratani, hana ndugu wa kukaa naye. Aliyekuja kukaa ni Cicely Saunders, aliyekuwa nesi zamani, sasa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini. Waliongea kuhusu nyumba ambayo watu kama yeye wangetunzwa vizuri zaidi. Tasma akamwachia pauni 500, ziwe dirisha katika nyumba hiyo. Hapo nilizima simu kidogo. Mtu asiye na kwao anaacha dirisha.

Saunders alirudi shule, akawa daktari mwaka 1957. Siku zile wagonjwa wengi walipewa mofini wakishaanza kulia. Sasa mtu wa hivyo atalalaje? Anangoja maumivu yarudi, anahesabu saa. Yeye alishikilia dawa itolewe kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Akafundisha pia kwamba maumivu ya mwili, huzuni, wasiwasi wa pesa na watoto, na maswali kwa Mungu vimefungwa pamoja. Ukitibu kimoja, vingine vinakesha. Nyumba yake, St Christopher's, ilifunguliwa London mwaka 1967.

Mwaka huohuo, pale Mulago, Kampala, kilifunguliwa kituo cha kutibu uvimbe wa taya wa watoto, ule ambao Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958. Ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kazi kubwa ilifanyika pale, sitaidharau. Ila nyumba ya aina ile ya Saunders ilichelewa kufika Kampala kwa miaka 26. Ni mwaka 1993 ambapo daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, kwa mofini ya unga inayochanganywa na maji, ya kunywa. Mwaka 1998 ikafika Mbarara, jirani yetu hapa. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuandika mofini, maana madaktari hawatoshi.

Muuguzi wa namna hiyo ndiye aliyekaa kwenye mkeka wetu. Hakuanza na kidonda. Aliuliza, "Mama, usiku unalala?" Mama mdogo akaanza kulia, na mimi nikatoka nje.

Niliporudi alikuwa akieleza. Uchovu wa saratani hauishi kwa kupumzika. Unaweza kutoka kwenye damu pungufu, kwenye dawa zenyewe, kutokula, maumivu, huzuni, na kila kimoja kina la kufanywa. Huzuni ile si upungufu wa imani, ina matibabu yake. Akasema apunguze usingizi wa mchana, na atembee kidogo kila asubuhi. Kumtembeza mtu aliyechoka! Niliona ni ukatili. Lakini baada ya majuma kadhaa alianza kulala mpaka jogoo.

Ninyi mnaopita na fomu zenu mnauliza maumivu ni mangapi mpaka kumi. Ongezeni swali la yule muuguzi.

Bado anachoka. Maji nachota mimi. Yeye anatembea mpaka bombani na kurudi mikono mitupu, na watu wa foleni wanasema mama huyu siku hizi amekuwa mvivu.