Ukoko wa Risasi

Kiswahili kina neno moja kwa madini ya risasi na kwa kile kirukacho kutoka katika bunduki. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, nalo limehifadhi historia ndani yake: kwa karne nyingi bunduki ilitupa risasi tupu. Madini haya huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, basi hata jiko la kuni lilitosha kuyamimina katika kalibu. Lakini ulaini huo ndio uletao taabu. Risasi ikipita katika mtutu huacha ukoko, mfano wa ule wa chungu cha wali, nao ukizidi shabaha hupotea.

Dawa ya kale ni mafuta. Bunduki ya Enfield ya mwaka 1853 ilitumia risasi laini iliyofungwa katika karatasi pamoja na baruti, na karatasi hiyo ilipakwa mafuta ili mtutu usizibe. Askari aliing'ata kwa meno kabla ya kushindilia. Huko India uvumi ukaenea kwamba mafuta yalikuwa ya ng'ombe, mnyama mtukufu kwa Wahindu, na ya nguruwe, haramu kwa Waislamu. Tarehe 10 Mei 1857 askari wa Meerut wakaasi. Manung'uniko yao yalikuwa mengi na ya siku nyingi, ila cheche ilitoka hapo. Mwaka 1858 Kampuni ya Mashariki ya India ikanyang'anywa utawala.

Baadaye bunduki za vita zikavishwa risasi zenye koti la shaba. Bastola nyingi ziliendelea na risasi tupu. Mwaka 1935 Smith & Wesson na Winchester walitoa .357 Magnum, ambayo risasi yake ilikwenda takriban futi 1,500 kwa sekunde, na malalamiko ya ukoko yakaja nayo. Wengi wakalaumu mwendo, wakadhani dawa ni kuongeza ugumu. Lakini Elmer Keith wa Idaho, aliyependa baruti nyingi kuliko wengi, alichanganya sehemu 16 za risasi na moja tu ya bati. Kwake umbo sahihi na mfereji mpana wa mafuta vilikuwa na uzito mkubwa.

Mtumiaji wa bastola hana budi kwanza kutazama ukoko umekaa wapi. Ukiwa mwanzoni mwa mtutu, karibu na silinda, mara nyingi risasi ni nyembamba kuliko mtutu, au imebanwa na matundu ya silinda yaliyo membamba. Moshi wa moto hupenya ubavuni na kuilamba. Hapo risasi ngumu zaidi yaweza kuzidisha shida, kwa kuwa haitanuki kuziba mwanya. Ukoko ukiwa karibu na mdomo wa mtutu, yaelekea mafuta yamekwisha njiani. Na akiukwangua, anawe mikono, maana risasi ni sumu.

Nikiyaweka mambo haya pamoja, naona kosa la aina moja. Mpiga bastola alitazama mwendo, akasahau mahali risasi inapogusana na chuma. Wakubwa wa India walitazama mtutu, wakasahau kwamba mafuta yale yalipita kwanza kinywani mwa mtu.