Hospitali ya Lutindi

Hospitali ya Lutindi ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko kwenye safu ya Usambara Magharibi, wilayani Korogwe, mkoani Tanga. Ni mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walijenga hapo makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Biashara ya watumwa ilipofifia watoto walipungua, na mwaka 1904 nyumba zikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Kwa hiyo Lutindi ni miongoni mwa vituo vya kwanza vya aina hiyo Afrika Mashariki, ikiitangulia hata hospitali ya akili ya Mirembe ya Dodoma, ambayo jina lake ndilo maarufu zaidi nchini.

Pamoja na dawa na ushauri nasaha, tiba ya kazi ina nafasi kubwa: wagonjwa wanaojiweza hulima, huchuma chai, hushona na kufanya useremala. Utaratibu huu unafanana na ule wa Bethel, Bielefeld, Ujerumani, makao ya misheni iliyoiendesha Lutindi. Wenye kifafa pia hutibiwa. Kwa maradhi mengine, wakazi wa milimani hutegemea hospitali za Lushoto na Bumbuli, au huteremka hadi Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa jijini Tanga.