Mpini wa Rivolva Kuukuu Unatuambia Nini?

Chukua mkuki wa Kibarbaig, kama ile wanayotembea nayo wazee huku Basotu. Ukiuliza mkuki huo ni wa lini, umeuliza maswali mawili kwa mpigo. Chuma kinaweza kuwa cha babu, kilichofuliwa na mhunzi wa Kidatooga, na mti ukawa wa mwaka juzi. Mti huvunjika, chuma hubaki. Hakuna atakayesema mkuki huo ni feki. Ila ukisema "hata mti ni wa babu", hapo sasa tutabishana.

Rivolva za zamani, yaani bastola zenye silinda inayozunguka, zina tabia hiyohiyo. Mpini wake una mifupa ya chuma na vibao viwili vya pembeni vinavyoshikwa na skrubu. Vibao hivyo ndivyo hupasuka na kubadilishwa mapema kuliko kitu kingine.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wa Hanang? Kwa sababu vita vilipita jirani. Aprili 1916, kikosi cha Jenerali van Deventer kilitoka upande wa Arusha, kikapita Lolkisale na Ufiome, upande wa Babati ya leo, kikaingia Kondoa Irangi. Mwezi Mei, von Lettow-Vorbeck akajaribu kuwatoa hapo, akashindwa. Ndiyo maana simulizi ya "hii iliachwa na Mjerumani" haishangazi pande hizi. Swali ni hili: utaipimaje?

Anza na chuma, kwa sababu umbo lake halibadilishwi kirahisi. Rivolva ya jeshi la Ujerumani ilikuwa na aina mbili kuu, ya 1879 na ya 1883. Zote ni za risasi sita za milimita 10.6. Ile ya 1879 ina mtutu mrefu, karibu sentimita 18, na kitako cha mpini kinatanuka chini kama kengele. Ya 1883 ni fupi, na kitako chake ni cha mviringo. Vibao vya kawaida vya jeshi vilikuwa vya mbao laini isiyochorwa. Baadhi ya maafisa walinunua za kwao, na huko ndiko utakuta vibao vyenye mistari iliyokatana. Kwa hiyo mistari peke yake si ushahidi kwamba kibao kimebadilishwa.

Mwingereza naye alikuwa na Webley. Kuanzia ile ya kwanza ya 1887 hadi ya tano, mpini wake umepinda kama mdomo wa ndege. Ya sita, iliyoanza 1915, ina mpini wa pembe zilizonyooka. Tena nyingi za aina hii ya sita zimegongwa mwaka kwenye fremu. Ukikuta 1918, basi haikuwepo Kondoa 1916, hata msimulizi awe na sauti nzito kiasi gani.

Sasa twende kwenye vibao. Vya Webley havikuwa vya mbao. Vilikuwa vya vulkanaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu. Mwanzoni ni nyeusi. Miaka inavyopita, mwanga na hewa huushambulia mpira na salfa ile, na weusi unageuka kahawia. Sehemu iliyofichwa na chuma hubaki nyeusi zaidi. Kwa hiyo kibao cheusi tii, sawasawa kila mahali, juu ya bastola ya miaka mia iliyochakaa, kinastahili kuulizwa maswali. Na usikioshe: vulkanaiti iliyozeeka hutoa asidi juu yake, na maji huiharibu rangi zaidi.

Kwa mbao, angalia mambo matatu. Kwanza, ukingo: kibao cha asili kilisawazishwa na chuma chake, kidole kinapita bila kukwama. Pili, uchakavu: mkono uliolainisha chuma miaka yote ulilainisha na mbao pia. Chuma kikiwa na makovu na mbao ikawa na kona kali, havikuishi pamoja. Tatu, namba: Wajerumani walikuwa na kawaida ya kugonga namba kwenye vipande vingi vya silaha. Namba zikipishana, vipande vilichanganywa.

Halafu kuna aina ya mti wenyewe. Mtaalamu akitazama kipande kidogo kwa hadubini, mpangilio wa vinyweleo vya mti humwambia kama ni mti wa Ulaya au ni mpingo au mninga. Lakini tahadhari: mpingo ulisafirishwa sana kwenda Ulaya kutengenezea ala za muziki. Kuukuta kwenye mpini ni dalili tu kwamba fundi alikuwa huku. Unahitaji ushahidi mwingine usimame nao.

Na hapa ndipo natofautiana na wakusanyaji wa silaha. Kwao, kibao kilichobadilishwa hupunguza bei. Kwa mwanahistoria, kinaongeza habari. Kibao cha kiwandani kinakueleza kuhusu kiwanda. Kibao kilichochongwa kwa kisu na kufungwa kwa msumari badala ya skrubu kinakueleza kwamba baada ya vita kuna mtu aliikamata silaha hiyo, akaitumia mpaka ikavunjika, akaitengeneza. Mtu huyo hayumo kwenye ripoti ya jenerali yeyote. Ukikitupa kibao chake ili uweke "cha asili" ulichoagiza, umefuta alama pekee aliyotuachia.

Basi ukikutana na kitu cha namna hii shambani au kwenye sanduku la marehemu, usikifungue wala kukisugua. Chukulia kwamba kina risasi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hairuhusu kukaa na silaha bila leseni, kwa hiyo toa taarifa polisi, na uombe watu wa makumbusho wahusishwe kabla hakijaharibiwa. Kisha kaa na wazee, uandike: kilipatikana wapi, nani alikuwa nacho, nani alikitengeneza. Chuma kinaweza kusubiri miaka mingine mia, lakini mzee anayekumbuka jina la fundi hawezi.