Kuvu Nambari 299

Wengi wetu tukiona mkate umeota kuvu huutupa jaani, na neno limekwisha. Walakini kuvu moja ya rangi ya chungwa, iliyowaudhi waoka mikate wa Paris katika karne ya 19, ndiyo iliyofunua kazi ya jeni.

George Beadle, mtoto wa mkulima wa Nebraska huko Marekani, na mwenziwe Edward Tatum, mwanakemia, walikuwa wametaabika miaka kadhaa na nzi wadogo wa matunda. Walijua kwamba jeni fulani ikiharibika, jicho la nzi hubadilika rangi; lakini kuipata kemikali iliyokosekana ilikuwa taabu tupu. Mwaka wa 1941, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Beadle alikuwa akimsikiliza Tatum akifundisha, akaligeuza swali. Mbona wasianze na kemikali inayojulikana, kisha waitafute jeni yake?

Kuvu ile, iitwayo Neurospora, haitaki makuu. Ukiipa sukari, chumvi na vitamini moja tu, biotini, hujitengenezea mengine yote kwa vimeng'enya vyake, navyo vimeng'enya ni protini. Basi waliipiga miale ya eksirei ili kuziharibu jeni, wakakuza mbegu zake moja moja katika vichupa vyenye chakula kamili. Kisha walihamisha sehemu ya kila kuvu katika chakula kile cha umaskini, wakangoja. Ilikuwa kazi ya subira, tena ya kubahatisha. Kichupa baada ya kichupa, kuvu iliota kama kawaida. Nambari 299 haikustawi. Wakaijaribu kwa vitamini mbalimbali. Ilipopewa vitamini B6, ikanawiri! Walipoizalisha na kuvu nzima, nusu ya wazao walirithi upungufu ule, nusu hawakuurithi: dalili ya kwamba jeni moja tu ndiyo iliyoharibika.

Wakatoa hoja kwamba jeni husimamia kimeng'enya. Daktari Archibald Garrod wa London alikwisha dokeza jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwachunguza wagonjwa ambao mkojo wao hugeuka mweusi, lakini waliomsikiliza walikuwa wachache. Beadle na Tatum walisikilizwa, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1958 pamoja na Joshua Lederberg.

Hoja yao ilirekebishwa baadaye, kwa kuwa protini nyingine zimeundwa kwa minyororo kadhaa, na kila mnyororo una jeni yake. Mwaka wa 1964 Charles Yanofsky, akitumia bakteria wa matumboni, alionyesha kwamba mahali jeni ilipoharibika panalingana na mahali mnyororo wa protini ulipobadilika.