Mji Uliomezwa na Kiunga: Habari za Milton katika Jimbo la Dorset

Mwenye kulitazama leo bonde la Milton Abbas, katika jimbo la Dorset kusini mwa Uingereza, huona majani mabichi yaliyotandaa kama zulia, miti iliyosimama makundi makundi vilimani, na katikati yake jumba kubwa lililoambatana na kanisa la kale. Nilipofika huko mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi, nilidhani kwamba ndivyo bonde lilivyoumbwa. Kumbe palipo majani palikuwa na mji wa gulio.

Jina lenyewe latoa ushahidi. Milton ni ufupisho wa Middleton, yaani mji wa katikati. Na Abbas ni Kilatini cha zama za kati, neno limtajalo mkuu wa watawa. Nyumba ya dini iliasisiwa hapo na Mfalme Athelstan katika karne ya 10, na mji ukakua ubavuni mwake, kwani palipo na mahujaji hapakosi mwoka mikate wala mgema. Mwaka 1539 Mfalme Henry wa Nane aliifunga nyumba hiyo, na mwaka uliofuata mwanasheria John Tregonwell akainunua. Watawa walikwenda zao, lakini mji ulibaki, pamoja na skuli yake iliyoanzishwa mwaka 1521.

Mwaka 1752 milki yote ilinunuliwa na Joseph Damer, aliyepewa baadaye cheo cha Lodi Milton. Huyu alikuwa na mali nyingi na subira kubwa. Alimwajiri Lancelot Brown, fundi mashuhuri kuliko wote wa kupamba ardhi, ambaye alifanya kazi hapo tangu mwaka 1763. Lakini kila alipochungulia dirishani, Lodi aliuona mji, akausikia na kuunusa.

Hapa yafaa tusite kidogo juu ya neno. Waingereza huyaita malisho ya namna hii *park*, nasi hatuna neno lililo sawasawa. Nimetumia kiunga kwa kuwa hakuna lililo karibu zaidi, ingawa halitoshi. Kiunga cha pwani yetu hukaa pembezoni mwa mji na maisha yake hutegemea mji; hapana mji, hapana kiunga. Cha Lodi Milton kilikuwa kinyume: hakikuweza kutimia mpaka mji uondoke.

Namna ulivyoondolewa ndiyo sehemu impasayo mwanahistoria kuiangalia sana. Hapakuwa na askari wala moto. Wapangaji wa nchi hizo walizoea kushika nyumba kwa hati zenye muda wa maisha ya watu waliotajwa ndani yake, mara nyingi watatu. Lodi alizinunua hati zilizouzwa, akangoja vifo vya wale wasiouza, na kila nyumba iliyorudi mikononi mwake akaibomoa. Kazi hii ilichukua miaka mingi. Wakili mmoja, Harrison, alikataa kata kata. Wenyeji husimulia kwamba Lodi alifungulia maji ya bwawa yakaingia nyumbani kwake, naye Harrison akamshtaki na kushinda. Hata skuli iliondoshwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1785, ikahamishiwa Blandford.

Blandford hiyo, mji wa gulio uliokuwa jirani, iliteketea karibu yote mwaka 1731. Palikuwa na msiba na hasara kubwa. Lakini watu wakajenga upya palepale, na soko likaendelea. Milton haikuungua hata nyumba moja, wala haikujengwa tena palepale. Mji huweza kuishi baada ya moto kwa sababu haki ya kukaa haiteketei pamoja na paa. Hati ikiisha, hakuna kilichobaki cha kurudia.

Waliobaki walijengewa kijiji nyuma ya kilima, wasionekane jumbani: takriban nyumba arobaini nyeupe, zimeezekwa mabua, zimepangwa pande mbili za njia moja. Nyumba ya maskini, iliyojengwa mwaka 1674, ilivunjwa na kuinuliwa tena huko mwaka 1779. Wageni wengi hukisifu kijiji hiki, na wako waandishi wanaokihesabu kuwa ukarimu wa Lodi. Sikubaliani nao. Nyumba ni nzuri, ndiyo, lakini soko halikuhamishwa, na mwenye duka hakupewa duka. Walioingia humo waliingia wakiwa wapangaji wa mtu mmoja.

Lodi alifariki mwaka 1798. Katika kiunga imesalia nyumba moja tu ya mji wa kale, chini ya miti; na chini ya majani, kwa ajuaye kutazama, ardhi bado ina vituta na vibonde palipopita njia na kuta.