Ronan Point: Jengo Lililovunja Imani

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, London ilihitaji makazi kwa haraka, ndipo kuta za zege zilizotengenezwa kiwandani zikapendelewa. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, gesi ililipuka katika ghorofa ya 18 ya Ronan Point, jengo jipya la ghorofa 22. Ukuta ulisukumwa nje, na pembe nzima ikaporomoka. Watu 4 walikufa. Udhaifu ulikuwa katika viungo vya kuta. Jengo lilipobomolewa mwaka 1986, baadhi ya viungo vilikutwa vimejazwa magazeti mahali pa saruji. Hivyo basi, kizuizi cha ujenzi huo hakikuwa gharama pekee, bali imani: mpangaji hawezi kukagua kiungo kilichofichwa ukutani.